Kusafiri na mwenza Mfilipino: mlango mgumu ni wa kutokea

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumezoea kuogopa dirisha la kuingia. Wasiwasi wetu wote uko ubalozini, kwenye viza, na kwa yule afisa anayegonga muhuri tukishatua. Kutoka nchini mwako hakuna anayekusumbua sana. Kwa Mfilipino ni kinyume. Anaweza kuwa na viza halali, tiketi ya kwenda na kurudi na hoteli iliyolipiwa, bado maafisa wa uhamiaji wa nchi yake mwenyewe wakamwambia hasafiri leo. Begi linashushwa, ndege inaondoka, anarudi kwao na teksi. Wenyewe huita ofulodi, na kila familia ya huko ina jamaa au jirani ambaye yamemkuta.

Mke wangu ni Mfilipino, tulikutana kazini Doha. Safari yetu ya kwanza kutoka kwao ilikwama, na kosa lilikuwa letu wawili: kwenye barua ya mwaliko nilikuwa nimeandika "mchumba wangu", yeye alipoulizwa kwa aibu akasema anakwenda kumtembelea rafiki. Neno moja tu, tukapoteza tiketi na wiki nzima ya likizo. Tangu hapo nimewasaidia ndugu wengi wa Tanzania na Kenya walioko Ghuba, na nimeona kwamba wanaopita kwa urahisi si lazima wawe na hela nyingi. Ni wale ambao kinywa cha mwanamke, kinywa cha mwanamume na karatasi zao vinasema kitu kimoja.

Kwanza elewa kwa nini wanauliza

Usipoelewa hili utakasirika dirishani, na hasira haimvushi mtu. Ufilipino ina mamilioni ya raia ng'ambo, na wasafirishaji haramu wamewatumia vibaya kwa miaka mingi. Kuna wanawake walioahidiwa kazi Dubai wakajikuta Syria. Kuna vijana walioondoka kama watalii wakaishia kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni Myanmar na Kambodia. Kuna pia biashara ya zamani ya "kuagiza mke", ambayo ilipigwa marufuku mwaka 1990, na Sheria Namba 10906 ya 2016 ikaikaza zaidi. Sheria kuu dhidi ya usafirishaji wa binadamu ni Namba 9208 ya 2003, iliyorekebishwa 2012 na tena 2022. Kwa hiyo msafiri asiye na kipato cha kueleweka, anayesindikizwa na mgeni asiye ndugu yake, ametajwa kabisa katika mwongozo wa Wizara ya Sheria wa mwaka 2015 kuwa mtu wa kuhojiwa zaidi. Wewe na mwenza wako mnafanana na picha hiyo hata kama mapenzi yenu ni ya kweli.

Hiyo haina maana kila anayezuiwa amezuiwa kwa haki. Mwaka 2022 wasafiri 32,404 walizuiwa kuondoka, na kati yao waliobainika kuwa wahanga wa usafirishaji haramu au wa uajiri haramu walikuwa 472. Msafiri mmoja alidaiwa hata kitabu cha picha cha mahafali yake ya shule, akaachwa na ndege. Habari ilipovuma mwaka 2023 Idara ya Uhamiaji iliomba radhi. Mwaka huohuo mwongozo mpya, mkali zaidi, ulipangwa kuanza Septemba 3, lakini ukasimamishwa Agosti 31 baada ya Baraza la Seneti na wananchi kupiga kelele. Katiba yao ya 1987 inalinda haki ya kusafiri. Nayataja haya ili mwenza wako asijione mkosaji akiitwa pembeni. Wengi huitwa, na wengi wa wanaoitwa husafiri siku ileile.

Hatua ya 1: Amua anaondokea wapi

Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote, na wengi huuruka.

Kama mwenza wako anafanya kazi Doha, Dubai, Muscat au Riyadh na mnataka kwenda Nairobi, Dar au Zanzibar, ondokeni hukohuko Ghuba. Ukuta ninaouzungumzia uko kwenye viwanja vya ndege vya Ufilipino: Manila, Cebu na Clark. Akitokea Ghuba ataulizwa kibali chake cha ukaazi, viza ya anakokwenda na ruhusa ya mwajiri pale inapohitajika, basi.

Balaa huanza pale anapokwenda kwao likizo, kisha mnapanga aunganishe Manila hadi Nairobi, halafu arudi Ghuba kazini. Afisa ataona kibali cha ukaazi cha Qatar na ataomba OEC, yaani cheti cha ajira ya ng'ambo kinachotolewa na Wizara ya Wafanyakazi wa Ng'ambo, DMW. Cheti hicho kinamhusu mfanyakazi anayerudi kwa mwajiri wake, lakini tiketi inasema Kenya. Maelezo yanakuwa marefu, na maelezo marefu dirishani ni hatari. Ushauri wangu: amalize likizo, arudi Ghuba na OEC yake (ambayo pia inamwondolea kodi ya safari), kisha mpande ndege ya Afrika Mashariki kutoka huko.

Jambo la kuepuka kabisa ni kumwita kutoka Ufilipino aje Dubai kwa viza ya matembezi "halafu tutatafuta kazi". Hiyo ndiyo njia wanayotumia mawakala haramu, na ndiyo inayochunguzwa zaidi. Kama nia ni kazi, apitie DMW tangu mwanzo.

Kumbuka pia kwamba sheria za Ghuba hazifanani. Falme za Kiarabu zilifuta kosa la jinai kwa wasiooana kuishi pamoja mwaka 2020. Usiichukue ruhusa hiyo ukaipeleka Saudia, Kuwait, Qatar au Oman.

Hatua ya 2: Wekeni wazi hali zenu za ndoa

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo watu wanapoumizana.

Ufilipino haina talaka ya kawaida. Waislamu wana sheria yao, Amri ya Rais Namba 1083 ya 1977, lakini Mkatoliki aliyeachana na mumewe miaka kumi iliyopita bado ni mke wa mtu kwenye vitabu. Ghuba kuna wanawake wengi wa namna hii, na wengine hata hawalioni kuwa ni tatizo kwa sababu mume aliondoka zamani. Mkifunga ndoa Mombasa au Arusha kabla ndoa ile haijabatilishwa na mahakama, kwao ndoa yenu ni batili. Mwombe mapema achukue CENOMAR, cheti cha kutokuwa na ndoa, kutoka mamlaka ya takwimu, PSA. Si kumshuku, karatasi hiyo mtaihitaji hata hivyo.

Nawe pia, kaka, jisemee. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inaruhusu ndoa ya wake wengi, na Kenya nayo inaitambua ya kimila na ya Kiislamu. Ndoa ya kiserikali ya Ufilipino haiitambui. Kama una mke Tanga au Kisumu, mwambie huyu mwenza leo, asije akalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya mshauri wa serikali atakayemhoji kwenye kikao cha Hatua ya 3. Nimeshuhudia mwanamke akitoka chumba cha mahojiano hayo analia. Kama uliacha, tafuta hati ya talaka iliyosajiliwa. Neno la wazee wa ukoo halitafsiriki kwenye mafaili yao.

Kama mnataka kuoana kabla ya kusafiri, hesabuni muda. Ufilipino mgeni huombwa cheti cha uwezo wa kisheria wa kuoa kutoka kwa mwakilishi wa nchi yake. Kama nchi yako haina ubalozi Manila, hukipata kupitia ubalozi wa nchi yako ulio nchi nyingine na unaoshughulikia Ufilipino, na hapo ndipo miezi inapotea. Leseni ya ndoa hubandikwa hadharani siku 10 na hudumu siku 120. Tanzania na Kenya, notisi ni siku 21. Mkioana Afrika Mashariki, ripotini ndoa Ubalozi wa Ufilipino Nairobi, unaohudumia pia Tanzania, ili iingie kwenye kumbukumbu za PSA. Ndoa isiyoripotiwa haionekani kwenye kompyuta za Manila, na safari ijayo ataitwa mwanamke asiyeolewa.

Hatua ya 3: Tume ya Wafilipino wa Ng'ambo

Tume hii, kwa kifupi CFO, ni ofisi ya serikali yenye makao Manila na tawi Cebu. Wanandoa, wachumba na wenza wa wageni hupewa ushauri nasaha huko, kisha hupata cheti. Mwongozo wa 2015 unasema wazi kwamba anayekwenda kukutana na mchumba mgeni au kufunga naye ndoa bila cheti hicho apelekwe kwenye mahojiano ya pili, yaani yale ya pembeni baada ya dirisha la kwanza. Watu hujidanganya: "Ni utalii tu, hatuhitaji." Kama amevaa pete na tiketi umelipa wewe, huyo ni mchumba. Apate cheti.

Huanza kwa kujisajili mtandaoni, kisha anahudhuria kikao. Huulizwa mlikutana wapi, mnazungumza lugha gani, umri wenu, kama umewahi kuoa, kazi yako ni ipi, mtaishi wapi. Ataonyesha pasipoti yake, vitambulisho, viza kama inahitajika, CENOMAR au cheti cha ndoa, na nakala ya pasipoti yako. Mwache ajibu kwa maneno yake. Wengine huwafundisha wenza wao majibu kama kasuku, na washauri wale wamehoji maelfu. Wanaujua wimbo wa kukariri.

Mimi nakiheshimu kikao hiki. Humweleza haki zake akiwa ugenini na humpa namba 1343, ambayo Mfilipino hupiga kuripoti usafirishaji haramu. Mume mwema hana cha kupoteza mkewe akiijua namba hiyo.

Hatua ya 4: Karatasi za unakompeleka

Kenya iliacha viza mwaka 2024; Mfilipino huomba idhini ya eTA mtandaoni, dola 30 pamoja na gharama ndogo za malipo. Aombe wiki mbili kabla, asisubiri siku tatu za mwisho. Tanzania huomba viza ya mtandaoni, ya kawaida dola 50. Hata pale anapoweza kulipia akitua, mimi nasema aichapishe kabla: afisa wa Manila anataka kuona karatasi. Kwa Zanzibar, tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima hulipa bima ya dola 44. Mkitaka kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda kuna viza ya pamoja ya dola 100, siku 90. Tanzania haimo.

Sasa majina. Kwetu Tanzania jina la kati ni la baba. Kwa Mfilipino jina la kati ni jina la ukoo la mama yake, lile la kabla mama huyo hajaolewa. Nimeona fomu zilizojazwa na mwanamume wa Kitanzania kwa nia njema kabisa, akaweka jina la baba mkwe katikati, na viza ikatoka na mtu asiyekuwepo. Jaza kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Na kama cheti cha kuzaliwa kinasema "Ma. Cristina", hiyo "Ma." ni kifupisho cha Maria kinachotumika sana kwao, usikirefushe kwa hiari yako kwenye tiketi wakati pasipoti imeandika MA.

Homa ya manjano: chanjo ifanyike mapema na kadi ya njano ibebwe. Hata kama anatoka Ufilipino ambako ugonjwa haupo, kukaa Addis Ababa zaidi ya saa 12 kunabadilisha hesabu, na akirudi kwao kutoka Kenya ataulizwa kadi hiyo. Chanjo moja ni ya maisha.

Pasipoti iwe na miezi sita au zaidi.

Hatua ya 5: Bahasha

Kwa wanaosafiri kutoka Ufilipino, tengenezeni bahasha moja, karatasi halisi pamoja na nakala. Simu huisha chaji, na mtandao wa uwanjani haujali shida zako.

Iwe na tiketi ya kurudi. Iwe na ushahidi wa maisha yake nyumbani: barua ya ajira, ruhusa ya likizo yenye tarehe zinazolingana na tiketi, hati za mshahara, taarifa ya benki, kama ana duka, usajili wa biashara, kama anasoma, barua ya chuo. Hiki ndicho kitu cha kwanza afisa anachokitafuta, sababu ya kurudi. Ushahidi wa mapenzi ni wa pili, ingawa wanaume wengi hudhani ni wa kwanza.

Halafu uhusiano wenu: picha chache za nyakati tofauti, hasa zenye familia yake, na mihuri ya safari zako kwenda kwao. Mkenya au Mtanzania huingia Ufilipino siku 30 bila viza, kwa hiyo usione uvivu kwenda kuwasalimu wakwe. Nakuambia kwa uzito: picha yako umekaa sebuleni na mama yake ina nguvu kuliko kurasa mia za mazungumzo ya Messenger.

Kama wewe ndiye unayelipia na unamsubiri huku, andika hati ya kiapo ya kumgharamia na uithibitishe kwenye Ubalozi wa Ufilipino ulipo, Nairobi kwa walio nyumbani, Doha au Muscat kwa walio huko. Ambatisha pasipoti yako, kipato chako na anwani ya mtakapokaa. Na andika uhusiano wenu kwa neno lilelile atakalolisema yeye. Mchumba awe mchumba kwenye kiapo, kwenye mwaliko na kinywani mwake.

Mtoto wake akifuatana nanyi, aje na cheti cha kuzaliwa cha PSA. Mtoto chini ya miaka 18 anayesafiri bila mzazi huhitaji kibali cha idara ya ustawi wa jamii, DSWD. Wewe mwenza, hata akikuita baba, si mzazi kisheria.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ndani ya saa 72 kabla ya kuondoka ajaze eTravel, fomu ya msafiri ya mtandaoni ya serikali ya Ufilipino. Ni bure, tovuti inayotoza pesa ni ya matapeli. Kodi ya safari, ambayo kwa miaka mingi imekuwa pesos 1,620 kwa daraja la kawaida, mara nyingi iko ndani ya tiketi. Akague mapema ili asije akakimbizana na foleni nyingine.

Fikeni uwanjani saa nne kabla ya ndege kuondoka. Tano kama ni Desemba. Mahojiano ya pili yenyewe huweza kuwa mafupi, foleni yake ndiyo inayomeza ndege.

Foleni za raia na wageni ni tofauti. Muulizeni afisa wa mwanzoni kama mnaweza kupita pamoja. Wakikataa, yeye atangulie. Usivuke upande wa pili ukamwacha nyuma. Simama panapoonekana, na usijibu maswali aliyoulizwa yeye. Mwanamume anayemsemea mwanamke ndiye hasa wanayefundishwa kumtilia shaka.

Majibu yawe mafupi na ya kweli. "Unakwenda wapi?" Zanzibar, siku kumi na mbili. "Na nani?" Na mchumba wangu, Mtanzania, yule pale. "Mlikutana wapi?" Kazini Doha, 2021. "Nani amelipa?" Yeye tiketi, mimi hoteli. Ataongeza "po" kwenye majibu yake kama anavyoongea na wakubwa kwao, heshima inayokaa pale inapokaa shikamoo yetu, na mazungumzo hulainika. Karatasi zibaki kwenye bahasha mpaka ziombwe. Kumwaga faili lote mezani kabla ya swali humfanya afisa ajiulize kilichofichwa.

Akiitwa mahojiano ya pili atajaza fomu ya maswali. Ajaze taratibu, tarehe zilingane na tiketi. Mtu yeyote, awe na sare au hana, akiahidi "kumvusha" kwa pesa, kataeni. Anayenunua njia amekiri kwamba hana haki nayo.

Akizuiwa

Asigombane. Aombe sababu kwa maandishi na kuuliza kwa upole karatasi gani imepungua. Mpigieni shirika la ndege palepale kabla ndege haijafunga, maana tiketi ya msafiri asiyefika kabisa hufa zaidi kuliko iliyoahirishwa. Ndiyo sababu nasisitiza tiketi inayobadilishika hata ikiwa ghali kidogo. Gharama humwangukia msafiri.

Kuzuiwa si kupigwa marufuku. Anaweza kurudi wiki ileile akiwa na kilichokosekana. Lakini kumbukumbu inabaki kwenye mfumo, hivyo ajiandae kuhojiwa tena na aseme mwenyewe kwamba alizuiwa tarehe fulani na sasa amekamilisha. Asibadilishe hadithi. Aliyekuwa mtalii Jumatatu hawezi kuwa mchumba Alhamisi bila maelezo, kwa hiyo kama Jumatatu kulikuwa na aibu, Alhamisi aiseme: niliona haya, huyu ni mchumba wangu, hiki hapa cheti cha CFO. Hivyo ndivyo alivyosema mke wangu mara ya pili. Afisa alitazama cheti, akatazama picha yangu na mama mkwe, akagonga muhuri.

Na kuanzia muhuri huo mambo hulegea. Mfilipino aliyewahi kwenda Nairobi au Dar na kurudi kwa tarehe aliyosema ana ushahidi usioandikwa na mtu mwingine yeyote. Safari ya kwanza, basi, iwe fupi, na arudi kabla viza haijaisha, hata kama likizo ni tamu na shangazi zako wa Bagamoyo wanambembeleza akae mpaka Idi. Kabla ya kupanda ndege ya kurudi ajaze eTravel ya kuingia, kadi ya njano iwe ndani ya pasipoti, na ile bahasha isitupwe. Mihuri ya safari hii inakwenda kuwa ukurasa wake wa kwanza.